Waacheni wauguzi wa watoto katika wadi yao

Mhariri,

Mimi ni mstaafu wa reli, mkazi wa Nyalenda hapa Kisumu. Mjukuu wangu wa miaka sita ana selimundu, au siko seli kama tunavyoiita huku kwetu. Mama yake anafanya kazi Riyadh na nyanya yake alishatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo mtoto akilazwa, anayekesha kando ya kitanda ni mimi, mzee peke yangu kati ya kina mama wanaonyonyesha. Mwanzoni walinitazama kama mwizi. Siku hizi hunituma maji moto.

Kinachonifanya niandike ni uhamisho. Katika hospitali tunayoitegemea, ambayo sitaitaja, muuguzi akishaizoea wadi ya watoto anaondolewa: mara wadi ya wanaume, mara kliniki ya macho. Mahali pake huletwa mwingine, mwenye cheti na bidii pia, ila hajawahi kutafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto aliyeishiwa maji. Wakubwa husema muuguzi ni muuguzi. Reli tulikuwa na mambo yetu mengi mabaya, lakini hakuna aliyemtoa mkata tiketi akampa garimoshi aendeshe eti wote ni wafanyakazi wa reli.

Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Ndiyo maana sista anayejua kazi atampandisha mtoto kwenye mzani kwanza, hata ukimpigia kelele. Dripu ikienda mbio kupita kiasi, mwili mdogo hauwezi kuyahimili maji hayo. Na watoto hubadilika upesi mno. Saa nane anacheza, saa kumi hajiwezi.

Mtoto alipokuwa bado mdogo, muuguzi mmoja ndiye aliyenifundisha kupapasa wengu. Alivishika vidole vyangu akaviweka chini ya mbavu za kushoto za mtoto, akasema, "Hapa, babu. Ukihisi pamekuwa pagumu na pameshuka kuliko jana, naye amelegea na viganja vimepauka, usingoje kuche." Kumbe kwa watoto wadogo wenye selimundu damu inaweza kujaa ghafla kwenye wengu, na mtoto akapotea kwa muda wa saa chache. Akanipangia dawa: ya kuongeza damu kila siku, ya kuzuia malaria, na penisilini asubuhi na jioni hadi atimize miaka mitano. Kisha akachukua simu yangu akamrudia binti yangu yote hayo kule Riyadh, pole pole, mpaka akaacha kulia.

Sisi tulipokuwa tukilea, mtoto alipelekwa na mama yake, basi. Sasa angalia foleni ya kliniki: nyanya, yaya, kaka mwenye sare ya shule, baba aliyeegesha bodaboda langoni (hao nawapongeza, ingawa wana haraka mno). Chanjo ya malaria ilipoanzishwa Homa Bay, Septemba 2019, dozi ya nne ilipangwa mtoto afikapo miaka miwili. Kufikia umri huo mama wengi wamesharudi kazini, na kijitabu cha kliniki hakijulikani kiko kwa nani. Atakayemwuliza yaya habari za dozi hiyo ni sista anayeijua nyumba ile.

Hata mtoto mwenyewe siku hizi huulizwa. Mjukuu wangu alionyeshwa nyuso zilizochorwa, kuanzia inayocheka hadi inayolia, achague inayolingana na maumivu yake. Nilitaka kumjibia. Sista akaniomba ninyamaze, kwa heshima lakini bila mzaha. Mtoto alikuwa kimya kabisa, mtu angedhani ana nafuu, ila kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye uso wa mwisho.

Najua wauguzi hawatoshi. Julai 2021 serikali yetu ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kuwapeleka wahudumu wa afya huko, nami siwalaumu wanaoondoka. Wangu mwenyewe yuko ugenini. Lakini kama ni wachache, kuwatawanya waliobaki kunasaidia nini?

Tangu 2013 hospitali hizi ziko chini ya kaunti, kwa hivyo si lazima tungoje Nairobi. Kaunti zetu za magharibi ziamue kwamba aliyesomea uuguzi wa watoto hatolewi wadi hiyo ila kwa ombi lake mwenyewe, na mgeni afanye zamu pamoja na mwenyeji kabla ya kuachiwa watoto peke yake. Wanaopanga zamu waanze na ya usiku, kwa sababu hapo ndipo mara nyingi tunaachiwa muuguzi mmoja, tena mgeni.

Mstaafu wa reli,
Nyalenda, Kisumu