Kabla Hujabadilisha Mpigo, Pima Muda Wako

Wapigaji wengi wa besiboli wanaotujia kupimwa wameshajitibu wenyewe. Wamenyanyua kiwiko, wametanua miguu, wamebadilisha namna ya kushika gongo, na bado mipira inawapita. Sisi hatugusi kitu mpaka tupime, maana mara nyingi mpigo hauna kasoro ila unachelewa kufika.

Hesabu ya besiboli haina huruma. Kutoka alipo mrushaji hadi bamba la nyumbani, lile bapa la chini ambalo mpigaji husimama kando yake, ni mita 18.44. Mpira wa kilomita 153 kwa saa hufika kwa takriban sekunde 0.4, na gongo peke yake linakula kama sekunde 0.15. Kilichobaki ndicho cha kuona na kuamua. Tena ndani ya sekunde 0.01 mpira huo unakwenda sentimita 42 hivi, karibu sawa na urefu wa bamba lenyewe. Chelewa kiasi hicho tu, na mpira uliotaka kuukuta mbele ya bamba umeshafika nyuma yake. Hakuna kocha anayeweza kuliona hilo kwa macho, awe mzoefu vipi.

Kwa hiyo tunafunga kihisio kwenye kitako cha gongo na kutega kamera pembeni. Unapiga kwanza mpira uliotulia juu ya kigingi, kisha wa mashine, halafu unakabiliana na mrushaji anayechanganya kasi.

Tunachokitazama zaidi ni pembe ya gongo linapogusa mpira. Gongo hushuka kwanza, kisha hupanda. Tuseme kwenye kigingi linagusa mpira likipanda kwa nyuzi 10 kila mara, lakini kwa mrushaji linaugusa likiwa bado linashuka. Njia ni ileile, ila mpira umekuwahi. Pembe ikizidi sana ile ya kigingi, basi wewe ndiye uliyeuwahi mpira. Na zile faulo, yaani mipira iliyoguswa ikatoka nje ya mistari ya uwanja, zinazoruka moja kwa moja nyuma, ambazo wengi huzisikitikia, sisi hutufurahisha: muda ulikuwa sawa, gongo limepita chini kidogo tu.

Dawa ya kuchelewa huanzia mguuni. Kamera yetu inachukua picha 240 kwa sekunde, basi tunahesabu picha tangu mpira utoke mkononi mwa mrushaji mpaka unyayo wako wa mbele ukanyage. Zikiongezeka picha 10, umepoteza sekunde 0.04, na mikono haiwezi kuzifidia. Tunakufundisha kuunyanyua mguu mapema, hatukuambii uharakishe gongo.

Namba zikiwa mbaya hata kwenye kigingi, hapo ndipo tunaujadili mpigo: nyonga zitangulie, kiwiliwili kifuate, kisha mikono, gongo liwe la mwisho.

Vijana hupenda kuuliza kasi ya gongo, hasa tangu MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ilipoanza kuitangaza ya wachezaji wake mwaka 2024. Wastani wao ni kama kilomita 115 kwa saa. Tutakupimia, ila usiifanye ndiyo kila kitu. Luis Arraez, ambaye gongo lake ni miongoni mwa yale ya polepole kabisa kwenye ligi hiyo, alitwaa taji la wastani wa kupiga, yaani la anayefanikiwa kupiga mara nyingi zaidi kulingana na zamu zake, mwaka 2022, 2023 na 2024.

Ukija kupimwa, njoo na gongo unalochezea mechi. Uzito ukibadilika, namba nazo zinabadilika, na tutakuwa tumempima mpigaji mwingine.