Mjomba, masikio yako yaliumia kazini: barua ya wazi kwa mwanajeshi mstaafu

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia hadharani badala ya kukupigia simu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua mwenyewe: tukizungumza kwa simu unajibu swali ambalo sikuuliza, kisha unampa Anti simu ukidai kwamba mtandao ni mbovu. Ya pili ni kwamba jiji hili la Nairobi, kuanzia Kahawa West hadi Lang'ata, lina watu wengi waliovua sare za jeshi na kurudi nyumbani na masikio kama yako, na jamaa zao hawajui waanzie wapi. Nikikuandikia wewe, huenda na wao wakasoma.

Ninalotaka kusema ni kwamba kutosikia kwako si uzee. Hujafikisha hata miaka 60. Ni jeraha ulilolipata kazini, na linastahili kushughulikiwa kama jeraha lingine lolote la kazini, yaani kwa vipimo, kwa maandishi na kwa kifaa kinachokufaa. Ungekuwa umerudi na risasi mguuni, hakuna ambaye angekuambia uzoee.

Nianze na kelele yenyewe. Wataalamu wa afya ya wafanyakazi huchukulia desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa muda wa saa 8 kuwa mpaka ambao haufai kuvukwa, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupunguzwa nusu, hivi kwamba kwa desibeli 100 mtu amebakiwa na robo saa tu. Mlio wa silaha uko nje kabisa ya hesabu hiyo. Kishindo cha desibeli 140 kinaweza kudhuru hata kikisikika mara moja, ilhali bunduki ya kijeshi hupita desibeli 150 karibu na sikio la anayeifyatua, na mzinga hupita 170. Wewe ulikaa kwenye mizinga kwa miaka mingi kabla ya kuvuka mpaka kuingia Somalia katika operesheni ya Linda Nchi iliyoanza Oktoba 2011, na huko kwenyewe, ukiacha milipuko, kulikuwa na jenereta, malori na helikopta ambazo hakuna aliyezihesabu kuwa hatari kwa kuwa hazikuwa zikimlenga mtu.

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojiviringa, chenye maelfu ya seli zilizoota vinyweleo, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti uwe ujumbe wa kupelekwa kwenye ubongo. Kelele ya wastani huziinamisha seli hizo kwa muda, kama mahindi yanavyolala baada ya upepo kisha yakainuka. Ndiyo sababu ulikuwa ukitoka kwenye mazoezi ya kulenga shabaha ukiwa umezibika masikio, na kesho yake unaamka ukisikia vizuri. Kelele ya mlipuko ni mvua ya mawe, na shina lililovunjika haliinuki tena. Binadamu hazaliwi mara ya pili na seli hizo, wala hakuna dawa ya kuziotesha, hata kama muuzaji wa mafuta ya masikio pale kituo cha matatu atakuapia kinyume chake.

Kuna ushahidi ambao masikio yako bado yanaubeba, na huu ndio unaonifanya niwe na haraka. Anayefyatua bunduki kwa bega la kulia huelekeza sikio la kushoto mbele, upande wa mdomo wa bunduki, huku sikio la kulia likikingwa na kichwa chake mwenyewe, kwa hiyo mara nyingi la kushoto ndilo huumia zaidi. Sijakupima, lakini nimekuona kanisani na kwenye mikutano ya ukoo jinsi unavyotafuta kiti cha upande wa kushoto ili watu wote wawe kuliani kwako. Tena, mtu aliyeumizwa na kelele akipimwa, chati yake ya kusikia huonyesha bonde karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), kisha mstari hupanda kidogo kwenye 8,000. Uzee peke yake huteremka polepole bila bonde. Tatizo ni kwamba kadiri miaka inavyosonga, uzee hulifukia bonde hilo, na daktari atakayekuona ukiwa na miaka 75 atashindwa kutofautisha kilichotokana na mizinga na kilichotokana na umri. Ukipimwa sasa utakuwa na karatasi inayosema jambo ambalo baadaye litakuwa gumu kuthibitisha.

Najua jibu lako: unasikia, ila sisi ndio tunaonong'ona. Kwa kiasi fulani ni kweli, kwa maana sauti nzito na irabu bado zinakufikia vizuri, na irabu ndizo hubeba nguvu ya maneno yetu. Kinachopotea ni konsonanti nyembamba, s, f, sh, t na k, ambazo hukaa katika eneo lile lile la sauti za juu lililoharibiwa. Kwa hiyo unasikia kwamba mtu amesema jambo, na hata ni nani amesema, lakini hujui kama alisema saa sita au saa tisa. Sauti za wajukuu ni nyembamba zaidi kuliko za watu wazima, na ndiyo maana unadhani watoto wa siku hizi hawajui kuongea. Kukupigia kelele hakusaidii pia, kwa kuwa sikio lililoumia huwa halisikii sauti ndogo na papo hapo haliwezi kuvumilia sauti kubwa. Tukipaza sauti kidogo hutusikii, tukiongeza kidogo tu unakasirika kwamba tunakufokea.

Kuhusu ule mlio usiokoma, ambao uliwahi kumwambia Anti kwamba ni kama nyenje wa usiku, nitasema machache. Una jina la kitabibu, una watu wengi wanaoishi nao, na wewe si mwendawazimu. Hauna tiba ya kuukomesha moja kwa moja, ila kwa watu wengi hupungua makali pale kifaa cha kusikia kinapourudishia ubongo sauti ulizozikosa, na ushauri wa kitaalamu humsaidia mtu kulala na kuacha kuuhofia. Ukiwa katika sikio moja tu, au ukidunda pamoja na mapigo ya moyo, usiusubirie. Mwone daktari wa masikio, pua na koo mapema.

Marekani, ambako mambo ya wanajeshi wastaafu huandikwa na kuhesabiwa kwa makini, mlio wa masikio na upungufu wa kusikia ndiyo madhara ya kazi yanayotambuliwa kwa wanajeshi wengi zaidi kuliko mengine yote. Mstaafu anayestahili hupewa na idara yao ya wanajeshi wastaafu vipimo, vifaa na hata betri bila malipo. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa takriban dola bilioni 6 kumaliza kesi za maelfu kwa maelfu ya wanajeshi waliolalamikia vizibo vya masikio ilivyowauzia, ingawa haikukiri kosa. Sikutajii haya ili utamani ya wengine; natamani uone kwamba taifa lenye vita vingi limekubali rasmi kuwa sikio ni sehemu ya mwili inayojeruhiwa vitani.

Sisi hapa Kenya pia hatuko mikono mitupu. Tunayo sheria ya wanajeshi wastaafu iliyopitishwa mwaka 2022. Ipo Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi kwenye barabara ya Mbagathi, ambayo unaifahamu kuliko mimi, upo mpango wa bima ya matibabu ya wastaafu wa jeshi, DEFMIS, na kipo chama chenu cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA. Ninachokuomba ni uulize kwa maandishi, na ujibiwe kwa maandishi, mambo matatu: kama vipimo vya kusikia vinagharimiwa, kama kifaa chenyewe kinagharimiwa na kwa kiasi gani, na nani atalipia matengenezo baadaye. Jibu la mdomo la karani wa dirishani halitakusaidia atakapohamishwa. Nje ya jeshi kuna kliniki ya masikio, pua na koo katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na kuna Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo husajili mtu baada ya kutathminiwa na madaktari wa hospitali ya serikali na ambalo lina hazina ya vifaa saidizi. Najua neno ulemavu linakuchoma. Lakini kadi ile haikuvui cheo chako, na ulichokitolea jasho si sadaka.

Sasa nije kwenye kifaa, mahali ambapo wengi hupoteza pesa. Bei hapa Nairobi huanza makumi ya maelfu ya shilingi kwa kimoja na kupanda hadi laki kadhaa, kwa hiyo ninaelewa kwa nini mwenzako alikimbilia vile vikuza sauti vinavyouzwa kwa bei ya chini madukani katikati ya jiji. Shida yake ni kwamba hukuza kila kitu kwa kiwango kimoja. Wewe huhitaji kuongezewa ngurumo ya matatu. Unahitaji kuongezewa s na f, na kwa kipimo tofauti kwa kila sikio. Kifaa halisi hupangwa kwa kufuata chati yako, huwekewa kikomo ili mlio wa ghafla usikuumize, na mtaalamu mzuri huingiza kimrija chembamba sikioni pamoja na kifaa ili apime sauti inayofika kwenye kiwambo cha sikio badala ya kukuuliza tu kama unasikia. Ukienda mahali wakakuuzia kifaa bila kukupima ndani ya chumba kisichopenyeza kelele, na bila kuchungulia kwanza kama sikio limezibwa na nta, geuza uondoke. Wapo waliouziwa vifaa ilhali walichohitaji ni kusafishwa masikio.

Uliza pia maswali ya nyumbani, yale ambayo mwuzaji hayapendi. Betri za kawaida hutumia hewa: ukishabandua kile kibandiko cha rangi zinaanza kuisha hata usipozitumia, na nyingi hudumu kati ya siku chache na wiki mbili, kwa hiyo ujue bei yake na duka lililo karibu kabla hujalipia kifaa. Ukichagua kinachochajiwa, fikiria siku ambazo stima hupotea usiku kucha. Jasho, vumbi na nta ndivyo huua vifaa hivi mapema, hivyo kila usiku kifutwe kwa kitambaa kikavu, mlango wa betri uachwe wazi, na kiwekwe mbali na watoto na mbwa. Ikiwa kina kifinyango cha sikio, yaani kile kipande kinachofinyangwa kwa umbo la sikio lako, ujue kwamba baada ya miaka kadhaa kitahitaji kutengenezwa upya, kwa maana kikilegea kitakuwa kikipiga mluzi mbele ya mchungaji.

Usitarajie miujiza siku ya kwanza. Utasikia vijiko, karatasi, maji ya bomba, nyayo zako mwenyewe, na utataka kukitupa kwenye droo ambamo vifaa vingi hufia. Ubongo uliokaa miaka mingi bila sauti hizo unahitaji majuma kadhaa, pengine miezi, kujifunza tena kuzipuuza. Anza sebuleni na mtu mmoja, uongeze muda kila siku, kisha uende dukani, na harusi iwe ya mwisho kabisa. Urudi kwa mtaalamu kurekebishiwa. Kurudi ni sehemu ya tiba, wala si ishara kwamba uliibiwa.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet, uliofuatilia wazee wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka 3. Kwa jumla yao vifaa havikuonyesha tofauti kubwa katika kufifia kwa akili, lakini kwa wale waliokuwa katika hatari zaidi kasi ya kufifia ilipungua kwa karibu nusu. Sitaukuza kupita ulivyo. Kinachonihangaisha zaidi ni bodaboda zinazokuja nyuma yako kando ya Barabara ya Kamiti, na jinsi ulivyoacha kwenda kwenye mikutano ya chama kwa kuwa umechoka kucheka bila kujua mzaha ulikuwa upi.

Sitakutajia methali ya mficha maradhi, maana wewe ndiye uliyetufundisha. Nakuomba tu utoe kwenye sanduku barua yako ya kustaafu na kumbukumbu zozote za hospitali ya jeshi, hasa kama ulipimwa masikio ulipoandikishwa au ulipokuwa ukiondoka, unitolee nakala, kisha uniambie ni siku gani ya wiki ijayo tutakwenda. Anti aje pia, kwa sababu mtaalamu atataka kumsikiliza mtu anayeishi nawe, na nina hakika yeye ana orodha ndefu.

Mpwa wako