Kiingereza cha mazungumzo kinaharibu barua za kazi

Mhariri,

Barua nyingi za kuomba kazi na ripoti za ofisini huharibiwa na Kiingereza cha mazungumzo. Hoja ni nzuri, lakini mwandishi anaweka "kids" na "a lot of" mahali panapohitaji "children" na "many".

Kinachojificha zaidi ni vifupisho vyenye ritifaa, yaani alama ('): "don't", "can't", "we've". Rasimu ikikamilika, tafuta alama hiyo kwa kompyuta, mwanzo hadi mwisho wa waraka. Kila inapotokea, jiulize kama ni kifupisho au umilikaji. "The company's report" iache ilivyo. "It's" iandike "it is" au "it has", kulingana na maana. Ukifuta ritifaa peke yake unabaki na "its", neno lingine kabisa, na kompyuta huenda isikuonye.

Kisha kagua vitenzi vya maneno mawili. "Look into" iwe "investigate". "Put off" si kosa la sarufi, ila yaweza kuwa kuahirisha au kumkatisha mtu tamaa. "Postpone" haina utata huo. Badala ya "ASAP" (haraka iwezekanavyo), taja tarehe unayotaka jibu.

Nawasihi pia wanaokimbilia upande wa pili, wa maneno makubwa: "use" haihitaji kugeuzwa "utilise". Na kwa desturi ya Uingereza, ukifungua kwa "Dear Sir or Madam", funga kwa "Yours faithfully". "Yours sincerely" ni ya barua iliyomtaja mpokeaji kwa jina.

Mhariri wa nyaraka