Kobe akinaswa wavuni, usimtupe

Mhariri,

Wavuvi wengi wa Ziwa Turkana wakimkuta kobe wa gamba laini amelegea wavuni, humtupa ufukweni wakidhani kafa, au humpiga rungu kwa kuharibu wavu. Mara nyingi kobe huyo angali hai.

Gamba lake, linaloweza kukaribia mita moja, limefunikwa ngozi tupu. Kila mguu una kucha tatu. Hupenda kujifukia mchangani penye maji ya kina kifupi, akanyoosha shingo mpaka ncha ya pua, iliyo kama mrija, itokeze juu. Akitulia, hupata pia oksijeni ya majini kupitia ngozi na utando wa koo. Ndiyo maana watu husema hawezi kufa maji. Anaweza. Akinaswa na kupapatika, misuli hudai hewa nyingi kuliko ile ngozi inayoleta.

Usimshike ubavuni: shingo hufika nyuma sana, na mdomo wake haufanyi mzaha na kidole. Mshike ukingo wa nyuma wa gamba, jirani na miguu ya nyuma. Akiwa mkubwa, shikeni wawili. Kata nyuzi za wavu, makali ya kisu yakielekea nje. Ndoano iliyomezwa usiivute, kata uzi karibu na mdomo. Kisha mlaze kifudifudi kivulini, sehemu ya nyuma ikiinuliwa kama shubiri moja ili maji yatoke mapafuni. Mfunike kitambaa kilicholowa, ukiacha pua wazi, kwa kuwa ngozi hiyo hukauka upesi. Mguse mkia kila baada ya muda. Akiukunja, yu hai. Huenda ukangoja saa kadhaa. Akiinua kichwa na kutambaa mwenyewe, mrudishe majini mbali na nyavu.

Bora zaidi ni kutomnasa. Wavu uliolazwa chini usiku kucha ndio unaoua. Penye maji mafupi, kamba ya juu ielee ili kobe aweze kupumua, na wavu ukaguliwe kabla ya alfajiri.

Mayai nayo yana mkasa wake. Ni ya duara, ganda gumu, hufukiwa makumi kwa pamoja kwenye mchanga ulio juu ya maji, na huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Anayeyachimbua na kuyafukia kwingine kwa nia njema huweza kuyaua, kwa kuwa kiinitete hujishikiza sehemu ya juu ya ganda na hakivumilii kugeuzwa. Maji yakiyafunika, hukosa hewa. Mto Omo, utokao Ethiopia, huleta zaidi ya asilimia 80 ya maji ya ziwa hili, na bwawa la umeme la Gibe III lililojengwa huko juu ya mto, lililozinduliwa mwaka 2016, limebadilisha majira ya mafuriko yake. Hilo mvuvi hana uwezo nalo. Wachota mchanga, hata hivyo, wako mikononi mwetu: kamati za fukwe zikague mchanga kabla ya kuruhusu lori kushuka, na penye kiota lisishuke mpaka vifaranga watoke.

Mdau wa uvuvi,
Kalokol, Turkana