Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: anayeviandaa vikundi vya akina mama analipwa na nani?

Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,

Pokea salamu kutoka Mbagala, Dar es Salaam. Mimi ni mratibu wa kituo kidogo kisichotafuta faida. Tunafundisha wanawake ushonaji na kutunza hesabu za biashara, kisha tunawasaidia kuunda vikundi. Siombi fedha za kituo changu. Naandika kuhusu kazi ambayo Serikali inaitegemea nchi nzima, lakini kwenye bajeti haina fungu.

Sheria imeweka msingi mzuri. Tangu 2018 kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha kwamba marejesho yanasuasua na vikundi vingine ni hewa. Huku mtaani akina mama hawakuacha kukopa. Wengi waliangukia kwenye mikopo ya kausha damu: mtu anachukua laki mbili, anarejesha kila siku, akikwama wanakuja kubeba godoro na jiko la gesi watoto wakiangalia. Mikopo ya halmashauri iliporejea 2024 tulishukuru kwa dhati.

Ila kikundi hai hakitokei tu. Kabla maombi hayajafika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kuna mtu ameshakaa na wale wanawake kwa miezi. Amewafundisha kuandika katiba ya kikundi, amewasindikiza kufungua akaunti, amewauliza bila kuoneana haya nani atalipa mwenzao akihama usiku. Mara nyingi mtu huyo anatoka kwenye asasi kama yetu. Ripoti ya CAG ilipotaja vikundi hewa, mimi niliona pengo hilo hilo: mikopo ina fungu, maandalizi hayana.

Wafadhili nao hawalijazi. Watalipia semina ya siku tano, chai, fulana na bango. Ukitaja kodi ya pango, umeme wa LUKU, au mshahara wa mwalimu baada ya mradi kufungwa, jibu ni kwamba hizo ni gharama za uendeshaji. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, tetemeko lilifika hadi kwa asasi ambazo hazijawahi kupokea hata dola moja kutoka kwake moja kwa moja, maana zilikuwa zinalishwa na mashirika makubwa yaliyopokea. Kwetu cherehani zilibaki, mwalimu akaondoka.

Jambo ninaloomba ulisikilize kuliko yote ni watoto. Kila awamu inaanza na darasa lililojaa, halafu wanafunzi wanaanza kupungua. Tukiwafuata nyumbani sababu ni ile ile: mtoto hana pa kubaki. Nimemwona mama anakanyaga cherehani huku mkono mmoja ukimzuia mwanawe asishike mkasi. Mshono ukaenda upande, akafumua, akaanza upya, mtoto akalia, akafunga mkoba wake akaondoka. Tulitenga chumba cha nyuma, tukatandika mkeka, tukamwajiri bibi mmoja wa mtaani awaangalie. Wanawake wakaacha kukatiza mafunzo. Hakuna somo tuliloongeza lililoleta matokeo kama ya yule bibi, na fedha zinapokata yeye ndiye wa kwanza kukosa malipo, kwa sababu kwenye fomu za miradi ya ajira hana kifungu. Wizara yako inasimamia vituo vya kulelea watoto mchana na Programu ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (MMMAM) iliyozinduliwa 2021. Uwezeshaji wa wanawake nao uko kwako. Yote mawili yako mezani pako, ila huku chini hayakutani.

Kuhusu soko nitasema kwa kifupi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalum. Mashuka ya zahanati wanawake wetu wanayaweza. Wanachoshindwa ni kujisajili kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, wakiwa na simu ya kitochi, na kusubiri malipo wakati kitambaa kilinunuliwa kwa deni.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni mwongozo wa pamoja na wenzako wa TAMISEMI, wanaosimamia halmashauri, utakaoruhusu halmashauri kuingia mkataba na asasi za jamii kwa kazi ya kuviandaa na kuvifuatilia vikundi. Najua hofu itakuwa fedha kuliwa. Basi asasi ilipwe sehemu mwanzoni, na iliyobaki baada ya mwaka, kikundi kikiwa hai na kinarejesha. Mikataba hiyo iwe na kifungu cha malezi ya watoto; mradi wa kuwawezesha wanawake usio nacho usipitishwe. Na kikundi kinachoshinda zabuni ndogo kipewe malipo ya awali ya kununulia malighafi.

Kama wataalamu wako wanataka kuona hesabu zetu, pamoja na yale tuliyoshindwa, daftari ziko wazi kwao siku yoyote ya kazi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mratibu, kituo cha mafunzo ya wanawake, Mbagala