Wagumu Wasibebeshwe na Lawama

Moshi, Aprili

Mpendwa Neema,

Habari za Arusha? Mama mpe shikamoo yangu. Barua yako nimeipata, pamoja na mabishano yenu ya kikundi kuhusu njia za mlimani. Unasema wagumu, yaani wapagazi wanaowabebea wageni mizigo, ndio wanaozipanua kwa kupita pembeni. Hapo sikubaliani nawe, rafiki yangu.

Mgumu ana mzigo wa hadi kilo 20 na anatakiwa afike kambini kabla ya wageni, hema lisimame na chai ichemke. Mbele yake wageni wanakwenda wawili wawili, wengine wamesimama katikati wanapiga picha. Apite wapi kama si kwenye nyasi? Tembeeni mmoja mmoja. Wa nyuma akimwona mgumu, apaze sauti, nyote msogee upande wa mlimani na kusimama juu ya jiwe au udongo mtupu. Mgumu ndiye abaki njiani.

Ila mharibifu mkubwa ni maji. Kule msituni, njia iliyokanyagwa sana hudidimia ikawa mtaro. Mvua ikinyesha, maji hufuata mtaro huo na kuacha tope. Watu wanalikwepa, majani ya ukingoni yanakufa, na ukingo nao unageuka tope. Ndivyo njia ya mita moja inavyofika mita tatu. Vaeni buti za kufunika kifundo, mpite katikati ya tope hilo hilo.

Yule mwenzenu anayetaka kutandika matawi juu ya tope ana nia njema, lakini matawi huoza na kuteleza, na ndani ya hifadhi kukata mti ni kosa. Dawa ni kuyatoa maji njiani. Gogo la unene wa sentimita 20 hivi huchimbiwa theluthi mbili ardhini, likakatiza njia kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, ncha ya chini ikatokeza nje ya ukingo na kufuatiwa na mfereji. Ukililaza moja kwa moja kama kizingiti cha mlango, udongo hujaa nyuma yake, maji yanaruka na kuchimba shimo upande wa chini. Ukiliweka juu juu, maji hupita chini yake. Na mfereji usipozibuliwa kabla ya vuli na masika, kazi yote imepotea. Kazi hiyo ndani ya hifadhi ni ya wenye hifadhi au kwa kibali chao. Huku chini kwenye vihamba, yaani mashamba ya familia, mwone kwanza mwenyekiti wa kitongoji.

Anayetaka njia zifungwe masika nakubaliana naye nusu. Udongo uliolowa huumia haraka kweli. Lakini miezi hii wageni ni wachache na mifuko ya wagumu ni mitupu. Kufunga kila njia ni kuwanyima hata kidogo kilichopo. Kabla ya kumjibu, muulize: njia ipi, kipande kipi? Huenda anasema mita 200 tu, nawe unamsikia akisema mlima mzima. Na picha mnazoonyeshana ziwe na fimbo iliyolazwa njiani, upana uonekane, na sura za wagumu zisiwemo.

Ukipanda Mlima Meru, kati ya lango la Momella na kambi ya Miriakamba, simama kidogo mvua ikinyesha uangalie maji yanaingilia wapi njiani na yanatokea wapi. Halafu niandikie, hata kama utakuwa bado unanipinga.

Wako,
Aneth