Pamba yetu nayo ilikwenda vitani

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia. Habari yenu ya wiki iliyopita, ile ya mitandao ya mshikamano wa kimataifa iliyovisaidia vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, imenishinda kuinyamazia. London imo, Amsterdam imo, Stockholm imo. Tanzania imepewa sentensi moja, kwamba ilitoa ardhi ya kambi, na Kanda ya Ziwa haimo kabisa.

Wazungu wale walifanya kazi, na sina ugomvi nao. Waholanzi wa Angola Comité walipiga kampeni mwaka 1972 hadi wakaangaji wa kahawa nchini mwao wakaacha kununua kahawa ya Angola, iliyokuwa bado koloni la Mreno. Sweden ilianza mwaka 1969 kuvipa vyama vya ukombozi misaada ya moja kwa moja. Lakini mkutano wa London wa Juni 26, 1959, ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini, ulihutubiwa na Julius Nyerere, wakati sisi wenyewe bado tunatawaliwa. Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikaa Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994, na Hashim Mbita aliiongoza kuanzia 1972 mpaka inafungwa. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi wachache wa Kizungu walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa mamilioni ya pauni tuliokuwa tukiutegemea ukazuiwa. Pengo lile lilizibwa na nani kama si mkulima wa pamba na wa kahawa?

Nilikuwa mwalimu kijana wilayani Magu vita vya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, vikiwa vimepamba moto. Shule yetu ilikuwa na shamba la pamba, maana ndiyo ilikuwa Elimu ya Kujitegemea. Siku moja niliwafundisha watoto kwamba Mreno alikuwa akiwalazimisha watu wa Msumbiji kulima pamba na kuwapangia bei ya kuwanyonya. Watoto wa Kisukuma hawakuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa baba zao ndio walioanzisha vyama vya ushirika miaka ya 1950, chini ya kina Paul Bomani, ili wasipunjwe kwenye mizani. Msimu ule wanafunzi wakakubaliana kwamba sehemu ya fedha za pamba yao iende kwenye mchango wa ukombozi. Tukapeleka, tukapewa stakabadhi, nakala ikabaki kwenye jalada.

Sasa sikiliza kilichonipata. Mwaka jana nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma hapa mjini kuulizia majalada ya michango ile, kwa kuwa wajukuu zangu hawaamini kwamba watoto wa Magu waliwahi kumchangia mpiganaji wa Msumbiji. Kijana wa masijala akaniambia, "Mzee, makaratasi ya zamani tulishayatoa, yalikuwa yanajaza chumba." Yametolewa yakaenda wapi? Hajui. Yalichomwa? Hajui. Nani aliidhinisha? Akanionyesha benchi nikae, nikakaa mpaka jua la mchana likanifuata pale nilipo, na hakuna aliyekuja. Wiki hiyohiyo nilinunua karanga kule Kirumba, nikafungiwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu lenye mhuri wa ofisi ya serikali. Sisemi kwamba ndiyo yale. Nasema kwamba nchi iliyozika wapiganaji, iliyompoteza Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, kwa bomu la kifurushi pale Dar es Salaam mwaka 1969, haina haki ya kuwafungia watu karanga kwa kumbukumbu zake! Hao Waholanzi na Waswidi mnaowasifu wametunza barua zao, mabango yao na mihutasari ya vikao vyao, na ndiyo maana mwandishi wenu amewaona wao. Sisi hakutuona kwa sababu tumejifuta wenyewe.

Na matunda yake tunayaona. Mwaka 2008, na tena 2015, Waafrika wageni walipigwa, wakafukuzwa na wengine wakauawa huko Afrika Kusini. Kijana wa jirani yangu alirudi kutoka Durban na begi moja. Hao waliomfukuza nani aliwafundisha kwamba watoto wa ANC, chama chao cha ukombozi, walisomeshwa Mazimbu, Morogoro? Na sisi tutawalaumu vipi, ikiwa Mei 25, Siku ya Afrika, inapita hapa Mwanza bila hata shule moja ninayoijua kuitaja?

Naomba hivi. Maktaba ya mkoa itenge chumba kimoja chenye kabati la chuma na kufuli. Wawekwe vijana wawili wenye vinasa sauti, mmoja awe anajua Kisukuma vizuri, wazunguke Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema kuwahoji walimu wastaafu, makatibu wa zamani wa vyama vya msingi na kina mama waliochangia nguo. Waanze na waliofikisha miaka 80. Wenye stakabadhi wazipeleke, zipigwe picha mbele yao na warudishiwe.

Nawe Mhariri, ile sentensi ya ardhi ya kambi irekebishwe, na masahihisho yawekwe ukurasa wa kwanza, ilipokuwa habari yenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Nyegezi, Mwanza